Viumbe wa kiangazi: uani kwangu Goba, msitu wa Pugu na pwani. Leteni na ya kwenu

Mama Mwembe · 9 Januari

Wakuu salaam.

Mume wangu anasema nimepata ugonjwa mpya, na huenda ni kweli. Tangu Desemba nina kaunta buku naandika kila kiumbe kinachoingia uani kwetu. Leo nimefika ukurasa wa kumi na saba, nikaona niwashirikishe, maana hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza tena.

Eneo lenyewe, hapa Goba, Dar es Salaam, si kubwa. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini na tano, ukuta wa tofali, mwembe dodo mmoja, mkungu mbele ya geti, mndimu nyuma ya jiko. Siri yote iko kwenye tenki la maji. Koki inavuja, fundi nimemwita mara tatu hakuja, na sasa hata akija namrudisha. Kwa jua hili la kaskazi kila kitu kimekauka, na kile kidimbwi cha ukubwa wa sinia ndiyo kilabu cha mtaa mzima. Alfajiri wanaanza tetere, wanatembea taratibu kama wazee wanaotoka msikitini. Wakija shore, utulivu umekwisha, wanagombana mpaka kwenye maji ya kutosha wote. Jua likipanda nyuki wanajaa ukingoni, na nyuki wakijaa, keremkerem wanashuka kwenye waya wa umeme. Nimemtazama mmoja kwa makini: anamdaka nyuki, anarudi kwenye waya, anamsugua tumbo kwenye waya mara nne tano mpaka mwiba utoke, ndipo anameza.

Mndimu ndiyo ulinichelewesha kupika jana. Niliona mavi ya ndege juu ya jani, meusi yenye doa jeupe, nikataka kuyafuta kwa kidole. Mavi yakasogea. Kumbe ni kiwavi. Nikahesabu, wako kumi na mmoja. Wakubwa zaidi wameshabadilika rangi, wa kijani kama ndimu yenyewe, na ukimgusa mmoja anachomoa nyuma ya kichwa vipembe viwili laini vya rangi ya chungwa, mfano wa ulimi wa nyoka, na harufu inayotoka hapo utadhani mtu ameacha chungwa lioze kabatini.

Sasa kesi yangu. Kila asubuhi chini ya mwembe nakuta maembe yameng'atwa. Na usiku kuanzia saa tano kuna sauti, kama ya mtoto mchanga. Inaanza taratibu, inapanda, inakuwa kilio kabisa, halafu inakatika. Msichana wangu wa kazi amegoma kutoka nje kuanua nguo. Nani anajua huyu ni nani?

Kijana wa Rangi Tatu · 9 Januari

Mkuu hapo hakuna mnyama. Kaulize kiwanja chako kilikuwa nini kabla hujajenga.

Fundi Koki · 9 Januari

Mimi ni fundi bomba. Hilo la kumrudisha fundi limeniuma.

Mzee wa Minazini · 10 Januari

Mwanangu usitishwe na hawa. Huyo ni komba, yule mkubwa, kama paka mwenye mkia wa manyoya. Sisi tuliokulia kwenye minazi tunamfahamu tangu utoto. Mgema anapanda asubuhi anakuta tembo imepungua kwenye kibuyu, na mwizi amelala chini ya mnazi hajitambui. Ndiyo maana mlevi anaitwa komba mpaka leo.

Chukua tochi, usiishike kiunoni. Ishike karibu na jicho lako, uelekeze juu kwenye matawi. Ukiona makaa mawili mekundu yanayokutazama, ndiye.

Lakini usimbebeshe maembe yote. Kuna popo hapo. Popo anatafuna, anafyonza maji, anatema makapi. Ukikuta chini vidonge vikavu vya nyuzi kama mtu ametafuna muwa akatema, hiyo ni kazi ya popo. Kwenye mkungu pia utaviona.

Mama Mwembe · 12 Januari

Mzee wangu shikamoo. NIMEMUONA.

Saa tano na robo, nimevaa kanga ya mume wangu begani na tochi nimeiweka karibu na jicho kama ulivyoelekeza. Makaa mawili, kwenye tawi la pili la mwembe. Nikabaki hivyohivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Kilichonishangaza si macho, ni masikio. Anakunja sikio moja linalala kabisa, lingine limesimama, kisha anabadilisha, kama mtu anayesikiliza simu mbili. Akajikojolea viganja. Kweli kabisa, akapaka na nyayo, halafu akaruka kutoka mwembe mpaka mkungu, mita kama tatu, bila hata tawi kupiga kelele. Embe langu lilikuwa limebaki kokwa.

Msichana wa kazi alikuwa dirishani. Amesema sawa ni mnyama, lakini nguo bado haanui.

Halafu nimeunganisha jambo. Miaka sita tunaishi hapa hatujawahi kumsikia. Desemba hii greda lilipita kwenye lile pori la ng'ambo ya barabara, wamepima viwanja. Wiki ya pili yake ndiyo kilio kikaanza kwetu.

Kijana wa Rangi Tatu · 12 Januari

Kwa hiyo bro na wewe umeletewa mpangaji bila mkataba.

Mama Mwembe · 12 Januari

Bro ni nani? Mimi ni mama wa watoto watatu.

Mpita Njia Chwaka · 13 Januari

Nyie mna komba, sisi huku Unguja tuna kima punju, na hao kesi yao nzito. Shamba letu liko upande wa kusini wa Jozani, wanavuka kila siku. Wale wa mashambani wanakula majani machanga ya mikungu na miembe, na majani hayo yana vitu vya kukera tumbo. Basi dawa yao wameipata wenyewe: wanaokota makaa. Bibi yangu akizima jiko la nje akiacha makaa, mara unaona mkono unachukua kipande, mwenyewe huyoo juu ya mti anatafuna kama biskuti. Watafiti waliokuja miaka ya tisini waliandika hayo, lakini bibi alikuwa keshachoka kuibiwa makaa zamani sana.

Kima hawa hawapo popote duniani isipokuwa kwetu Zanzibar. Ukija Jozani usiwakaribie sana wala usiwape chakula, hata kama wamezoea watu.

Mwalimu wa Sayansi · 14 Januari

Dada, kwenye daftari lako rudi nyuma uangalie Desemba. Je, uliona kereng'ende wengi, wale wa rangi ya dhahabu iliyofifia, wanaoruka bila kutua?

Mama Mwembe · 14 Januari

Tarehe 3 Desemba nimeandika: "kereng'ende wengi mno juu ya paa, jioni, hawatui." Umejuaje?

Mwalimu wa Sayansi · 14 Januari

Wanakuja na pepo. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika kwamba kereng'ende hao wanaonekana kule kila mwaka mwezi wa kumi, kwenye visiwa ambavyo karibu havina maji baridi ya kutagia. Hoja yake ni kwamba wanatoka India, wanapita hapo, wanavuka Bahari ya Hindi mpaka kwetu, wanafuata mvua. Wanataga kwenye vidimbwi, watoto wanakua haraka, na wanaorudi ni kizazi kingine kabisa. Na kozi wa Amur, ndege wadogo wa mawindo wanaotoka Uchina na Siberia, wanavuka bahari hiyohiyo kipindi hichohicho. Anderson alihisi kozi hao wanawala kereng'ende safarini.

Nikiwaambia wanafunzi wangu wananiuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Dada Gede · 16 Januari

Salamu kutoka Kilifi. Hao viwavi wa ndimu usiwaue hata kidogo, dada. Watakutolea vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano. Hapa Gede tunajua thamani ya kiwavi. Tangu 1993 kuna mradi uitwao Kipepeo, wakulima walio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi, wanauza pupa, na pupa zinasafirishwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mamangu alisomesha watu kwa pupa. Msitu ukikatwa, vipepeo wa kuanzia mbegu wanatoka wapi? Kwa hivyo hata wale waliokuwa wakiulaani msitu kwa sababu ya ndovu walipunguza maneno.

Ushauri wa mfugaji: funika tawi kwa neti ya mbu iliyochakaa. Shore watakumalizia wote.

Mama Mwembe · 17 Januari

Umechelewa dada yangu. Juzi nilienda Mbezi sokoni nikiwa na kumi na mmoja, nikarudi wamebaki wanne. Nimewafunika na neti iliyokuwa ya kitinda mimba wangu. Mume wangu ametazama ile neti mtini, hakusema neno.

Mama Mwembe · 2 Februari

Wakuu, ripoti ya Pugu. Jumamosi nimewachukua watoto wawili wakubwa tukaenda hifadhi ya mazingira asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe. Tumelipia getini kwa wakala wa misitu, tumepewa kijana wa kutuongoza, na huyo kijana ni hazina. Anatembea kimya kuliko mwanangu akitaka kuiba sukari.

Saa moja asubuhi tulisimamishwa. Akanyanyua kidole. Majani makavu yanachakarika mbele yetu, kama kuku anapekua. Akatokea kitu chenye miguu myembamba, mgongo umepinda, mbele rangi ya kutu na nyuma cheusi tii kama kimechovywa kwenye lami. Pua ndefu inacheza peke yake, inafukua majani, inarudi, inafukua. Ni njule. Kijana wangu akasema "panya mkubwa," mwongozaji akamjibu kwa upole kwamba huyo si panya, ukoo wake uko karibu zaidi na tembo na nguva. Mwanangu akamcheka. Nami nilitaka kucheka, nikaangalia ile pua nikanyamaza. Kisha kikapiga mkia chini, tap tap tap, kikaondoka kwa mikupuo.

Tukakaa mpaka jioni kwa ajili ya popo kwenye mapango ya zamani ya kuchimbia kaolini. Harufu inakupokea kabla hujaona mlango. Magharibi ikiingia walianza mmoja mmoja, halafu ikawa kama mtu amefungua bomba. Binti yangu alijifunika kanga kichwani, akachungulia kwa tundu, hakutaka tuondoke.

Giza lilipokamilika mwongozaji akatusimamisha njiani tena. Akasema sikilizeni. Sauti ndogo, ya kukwaruza, inajirudia. Akasema huyo ni komba wa Rondo, mdogo kabisa, gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Hatukumwona. Kumbe makomba hawa wadogo hata watafiti wanawatofautisha kwa sauti, kwa macho wanafanana mno. Tangu 2006 huyu ameingia zaidi ya mara moja kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani, na nyumba zake ni vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania, Pugu na Pande zikiwemo. Nimekaa nusu saa kutoka Pande miaka sita, siku zote nadhani ni kituo cha daladala.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye tanuri la mkaa la zamani, limebaki duara jeusi na hakuna kilichoota katikati. Nikakumbuka gunia lililoko stoo kwangu. Sijui lilitoka wapi, na sikuwahi kuuliza.

Dada Gede · 3 Februari

Sisi tuna ndugu wa huyo njule, wa kiunoni rangi ya dhahabu, anapatikana Arabuko-Sokoke na vichaka vya hapa karibu. Hata kwenye magofu ya Gede utamkuta akipita watalii wakitazama juu. Analala kwenye tuta la majani analolirundika mwenyewe, na ana matuta kadhaa, leo hapa kesho pale.

Mzee wa Minazini · 3 Februari

Njule utotoni kwetu tulikuwa tunamtega. Sasa nasoma ni ndugu wa tembo. Mungu anisamehe.

Bin Saleh · 6 Februari

Assalaam alaykum jamaa. Niko Muscat, marehemu baba alikuwa mtu wa Wete. Nasoma uzi huu kila usiku baada ya Isha. Nina swali kwa walio pwani: mnawaona ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi, wanakula kaa? Wanatembea makundi makundi maji yakitoka.

Mama Mwembe · 10 Februari

Wa alaykum salaam. Kwa ajili yako nimekwenda Ununio jana, bamvua, maji yalikuwa yametoka mbali mpaka mashua zimelala ubavu. Nimewahesabu thelathini na nne. Mmoja alimkamata kaa mkubwa, akamtupa chini, akampiga kwa ule mdomo kama nyundo, miguu ikatawanyika, akaanza na miguu. Na kuna wengine walikuwa wamepiga magoti kwenye mchanga wamepumzika. Wavuvi wanasema hao ni wageni wa kaskazi.

Bin Saleh · 10 Februari

Hao ni wetu, au tuseme ni wetu sote. Joto likianza huku wanakuja kutaga kwenye visiwa vidogo karibu na Masirah, na wengine upande wa Ghuba na Bahari ya Shamu. Wanachimba shimo refu mchangani kama panya, ndani yai moja tu, jeupe. Wakati huku hata kivuli kinachoma, chini ya mchanga pana ubaridi. Kinda akikua wanamchukua mpaka kwenu, na huko bado anadai kulishwa.

Wasalimie. Mimi mwenyewe tangu 2011 sijafika Pemba.

Mswahili wa Leicester · 11 Februari

Mbayuwayu wenu nao wakianza kupungua kwenye waya mwezi wa tatu, mjue safari ya huku imeanza. Sisemi ni walewale, wengi wa Uingereza hufika hadi Afrika Kusini. Ila mwezi wa nne nikimwona wa kwanza hapa, baridi bado ya kunywa chai mikono miwili, namsalimia kwa Kiswahili.

Mama Mwembe · 15 Februari

Leo nina hasira. Ndege chozi walikuwa wamejenga kwenye kamba ya nguo, kiota kama kifuko, nyasi na utando wa buibui, na kibaraza kidogo juu ya mlango. Wiki mbili hakuna aliyeanika upande ule. Mayai mawili. Asubuhi hii kunguru wawili, mmoja kavuta kamba, mwingine kapasua kifuko. Nimerusha ndala, nimechelewa.

Kijana wa Rangi Tatu · 15 Februari

Pole mama. Kunguru wa huku kwetu Rangi Tatu wanakula mandazi mkononi mwa mtu.

Mpita Njia Chwaka · 15 Februari

Hao wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, wakazaana, wakavuka bahari. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe, na mjini mnamuona mara ngapi? Kwetu waliwahi kutegeshewa sumu mpaka wakapungua sana. Kazi ikasimama, wakarudi.

Dada Gede · 16 Februari

Kenya nayo mwaka 2024 shirika la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuondoa milioni moja. Watu waligawanyika. Mimi niko upande wa sumu, nisamehewe. Huku kwetu wanamaliza makinda ya kwera.

Mwalimu wa Sayansi · 16 Februari

Sumu bila kufunika majalala ni kufuta maji huku bomba linatiririka. Anakula nini huyo kunguru? Taka zetu.

Fundi Koki · 16 Februari

Mbona bomba tena.

Mama Mwembe · 23 Februari

Chozi wameanza kujenga upya, safari hii ndani ya mbaazi ya jirani. Lakini si hilo lililonileta.

Jana saa kumi jioni jirani alikuja mbio na jembe. Kinyonga kwenye kitalu chake cha mchicha, nuksi, lazima auawe kabla ya magharibi. Nikamwomba aniachie. Nimemhamisha kwa kijiti, kafungua mdomo wa rangi ya chungwa akanifokea kama tairi linalotoa upepo, tumbo limejaa mpaka ngozi imevutika. Nikamweka chini ya mndimu nikijua atapanda. Hakupanda. Akaanza kuchimba.

Wakuu, udongo wa Goba mnaujua, mwezi wa pili ni sementi. Anachimba kwa mikono ile ya koleo, kichwa ndani, anasukuma udongo nyuma, anapumzika, jicho moja kwangu na jingine kwenye shimo. Nililoanisha udongo kidogo pembeni kwa kikombe, akahamia hapohapo kwenye unyevu. Saa mbili usiku ameingia mpaka kiunoni. Saa nne kageuka, kitako ndani. Nililala. Alfajiri nimemkuta juu ya ardhi, mwembamba, ngozi inaning'inia kama shati la kuazima, anakanyagakanyaga udongo kwa miguu ya nyuma mpaka huwezi kujua kuna shimo. Jirani alikuja kuangalia. Alisimama kama dakika tano, jembe begani, kisha akaniuliza kama anakula panzi. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi akimaliza nimrudishe kwenye mchicha.

Mzee wa Minazini · 23 Februari

Hapo kuna mayai thelathini au zaidi, mwanangu. Usitegemee kuyaona hivi karibuni, yanaweza kuchukua miezi kumi na ushee.

Mama Mwembe · 28 Machi

Masika imeingia tangu juzi usiku. Wale konokono wakubwa waliokuwa wamejifungia nyuma ya vyungu vya maua, mlango umezibwa na utando mgumu mweupe kama chokaa, wote wamefungua siku moja. Kumi na wanne ukutani. Jongoo nao wamejaa barazani. Kidimbwi cha tenki hakina mteja tena, kila mahali ni maji. Keremkerem kwenye waya walikuwa wanane juzi, leo hakuna. Embe limekwisha na komba bado yupo, sasa yuko kwenye mkungu.

Vipepeo walitoka watatu kati ya wanne. Wa nne pupa ilitobolewa, kikatoka kinyigu kidogo.

Mayai ya kinyonga nimeyazungushia matofali matatu. Shemeji yangu alikuja likizo akataka kupanda matembele pale pale chini ya mndimu, nimemhamishia kwenye ukuta. Ameniuliza kuna nini hapo, nikamwambia subiri Desemba.

Fundi Koki · 29 Machi

Mama, kwa kuwa mvua imeanza, hiyo koki nije?

Mama Mwembe · 29 Machi

Njoo Novemba, uilegeze kidogo.